Majina na Viambishi: Uchaguzi wa Maneno katika Zaburi ya 104

Tafsiri ya Biblia iliyotolewa mwaka 1952, ambayo hujulikana kwa jina la Tafsiri ya Muungano kwa kuwa ilikusudiwa kushika nafasi ya tafsiri zilizokuwa zikitumika Unguja na Mombasa, imekwisha kusemwa mengi. Lakini sehemu kubwa ya yaliyosemwa yahusu majina: neno hili ni la Kiarabu na lile ni la Kibantu, hili laeleweka pwani na lile halieleweki bara. Karl Roehl, ambaye tafsiri yake ya Biblia nzima ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kuondoa maneno mengi yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Ushindani huo haukuwa wa bure, maana ulihusu ni nani atakayeisoma Biblia kama maneno ya kwao na ni nani atakayeisoma kama maneno ya jirani. Hata hivyo umetuzoeza kupima lugha ya mashairi matakatifu kwa kipimo kimoja tu, nacho ni asili ya majina.

Makala haya yataka kuisoma Zaburi ya 104, katika tafsiri hiyo ya mwaka 1952, kwa kipimo kingine. Yatadai kwamba katika shairi hili majina yameteleza mara kwa mara, na kwamba nguvu yake ya Kiswahili imekaa katika viungo vidogo vya maneno, yaani viambishi vya nyakati, vya mahali na vya upatanisho, ambavyo msomaji huvipita bila kuviona. Kisha yataonyesha mahali pamoja ambapo viungo hivyo havikutosha, ambapo jina moja lilihitajika na halikuwekwa.

Zaburi hii yenye aya 35 ndiyo shairi refu kupita yote katika kitabu cha Zaburi katika kusifu maumbile. Huanza na kuishia kwa mshairi kuiita nafsi yake imsifu Mungu. Katikati amepanga ulimwengu kwa utaratibu: kwanza nuru na mbingu, halafu upepo na mawingu, halafu nchi na vilindi, chemchemi, majani, miti, ndege, wanyama wa milimani, mwezi na jua, usiku wa simba na mchana wa mwanadamu, na mwisho bahari pamoja na vilivyomo. Baada ya hayo hukusanya viumbe vyote mbele ya mkono mmoja unaovilisha. Ni shairi lenye vitu vingi, na kwa hiyo lenye majina mengi. Si ajabu kwamba mfasiri alipata taabu kwanza katika majina.

Tuanze na jengo. Mshairi wa Kiebrania alizifananisha mbingu na kitambaa cha hema, kile kinachovutwa na kukazwa juu ya miti yake. Wafasiri wetu waliweka "pazia". Kwa kufanya hivyo walimtoa Mungu hemani wakamwingiza nyumbani, na badiliko hilo lakubalika, kwani watu wa pwani hawakuishi katika mahema. Tena lapatana na neno linalofuata, yaani "orofa", ambalo huonekana mara mbili, katika aya ya 3 na ya 13. Mtu wa Lamu au wa Unguja aliyeijua nyumba ya mawe yenye ghorofa huona mara moja jambo lililokusudiwa: mwenye nyumba hukaa juu, na maji ya mvua huanguka kutoka juu kwa mlizamu hata chini. Hapa jina limefanya kazi nzuri. Ila kitenzi kilichowekwa pamoja na pazia hakikubaliani nalo. Mfasiri amesema mbingu "zimetandikwa". Katika Kiswahili hutandikwa mkeka, busati au kitanda, yaani kitu hulazwa juu ya kitu kingine. Pazia hutundikwa au huangikwa. Na wingu hutanda, pasipo kutandikwa na mtu. Vitenzi hivi vitatu hukaribiana kwa sauti, lakini kila kimoja kina kazi yake. Msomaji makini hubaki na mbingu zilizolala sakafuni kama jamvi, zikiitwa pazia.

Neno "gari" katika aya ya 3 lina shida ya namna nyingine. Lilitoka Bara Hindi, na zamani lilitosha kwa chombo chochote chenye magurudumu, kama gari la ng'ombe au la mkono. Lakini neno hilo halikusimama mahali pamoja. Leo msomaji anayesikia kwamba mawingu ni gari la Mungu hawezi kuizuia akili yake isione motokaa. Mfasiri hana kosa katika hili, kwani neno ndilo lililohama. Lakini linatukumbusha kwamba majina ya vyombo huchakaa mapema kuliko sehemu nyingine zote za shairi.

Neno "maboga" katika aya ya 14 liko karibu na hapo. Kiebrania hapa chataja mimea kwa jumla, ile imfaayo mwanadamu. Mfasiri alitafuta neno la mimea iliwayo, akaifikia jamaa ya "mboga", akaandika "maboga". Lakini katika matumizi ya kawaida ya leo "maboga" ni wingi wa "boga", nalo ni tunda kubwa la mboga litambaalo shambani, lile lipikwalo kwa nazi. Hivyo riziki yote ya mwanadamu itokayo ardhini imepunguzwa ikawa tunda moja. Tofauti ya "mboga" na "maboga" ni silabi moja tu, lakini aya nzima imepinda kwa ajili yake.

Sasa tutazame miti na wanyama. "Mierezi" na "misunobari" ni miti ya nchi nyingine, na mfasiri hakuwa na njia nyingi. Mwerezi umetoka katika neno la Kiarabu ambalo ni ndugu wa lile la Kiebrania, na kwa kuwa umetajwa pamoja na Lebanoni, ugeni wake ni wa haki: mshairi mwenyewe aliutaja kama mti wa mbali na wa fahari. Sunobari, kwa upande wake, ni jina ambalo watu wa pwani walilijua zaidi kwa mbao zilizoletwa na vyombo kuliko kwa mti uliosimama. Kiambishi m-/mi- kimeirudisha mbao kuwa mti wenye matawi, na ndege ameweza kujenga juu yake. Hapa twaona kwa mara ya kwanza jambo tutakaloliona tena, kwamba kiungo kidogo cha mbele ndicho kilichomwokoa mfasiri.

Ndege huyo ni korongo, na uchaguzi huu ni wa heri. Korongo mweupe ni ndege wa safari. Hutoka Ulaya, hupita nchi ya Palestina, na wengi wao hufika katika nyanda za Afrika ya Mashariki kukaa huko wakati Ulaya ina baridi. Ndege ambaye mshairi wa Zaburi alimwona juu ya mti wake ni wa jamaa ile ile ambayo mfugaji wa Kimasai huiona ikiokota panzi mbele ya ng'ombe wake. Hivyo neno la Kiswahili halikuwa badala ya kitu kingine. Lilikuwa jina la kitu chenyewe. Lakini kuna jambo ambalo halikuweza kuvuka. Jina la ndege huyu katika Kiebrania lina shina moja na neno la fadhili na uaminifu. Msikilizaji wa kwanza alisikia ndani ya jina la ndege sifa ya Mungu wake. "Korongo" halisemi neno lolote juu ya fadhili.

Kinyume chake ni "wibari" wa aya ya 18. Mnyama huyu mdogo wa majabalini yuko Palestina na yuko kwetu pia, katika miamba ya Serengeti na juu ya mlima Kenya. Wenyeji wamwita pimbi, na wengine pelele. Mfasiri aliyaacha majina hayo akachukua jina lenye asili ya Kiarabu, ambalo wasemaji wengi wa Kiswahili huhitaji kueleshwa maana yake. Matokeo ni ya kusikitisha, kwa sababu mnyama ambaye msomaji wa bara alimjua tangu utoto amegeuzwa kuwa mgeni kama lewiathani. Hapa Roehl na wenziwe wangekuwa na haki ya kulalamika. Lakini sababu ya lalamiko iwe ile ya kweli. Neno halikukosea kwa kuwa la Kiarabu, kwani "orofa" nalo ni la Kiarabu na limefaa. Limekosea kwa kuwa limemwondoa jirani mlangoni.

Tukihukumu kwa majina peke yake, basi, twapata hesabu iliyochanganyika: mawili mema, matatu mabaya, na mengine ya katikati. Mtu angeweza kudhani kwamba shairi lenyewe limepotea njiani. Lakini ukiisoma Zaburi hii kwa sauti huoni kwamba imepotea. Yakwenda, yapumua, yakusanya. Ni lazima pawe na kitu kingine kilichoibeba.

Kitu cha kwanza ni kiambishi cha mazoea, yaani hu-. Katika Kiebrania mshairi humtaja Mungu mara kwa nafsi ya pili na mara kwa nafsi ya tatu. Humwambia "wewe", kisha humsimulia kama "yeye", kisha humrudia. Hawezi kukaa upande mmoja, kama mtu ambaye mara asema na mfalme na mara awaambia walio karibu habari za mfalme. Na ili kupita kutoka upande huu kwenda ule, Kiebrania kina umbo la kitenzi lisilotaja nafsi, lenye maana ya mwenye kutenda jambo. Wafasiri wa lugha nyingi hulazimika kuchagua mojawapo na kuivunja daraja hiyo. Kiswahili hakilazimiki. Neno "hupeleka" halisemi ni wewe upelekaye wala yeye apelekaye. Lasema tu kwamba jambo hilo ndiyo desturi. Mfasiri ametumia umbo hili katika aya za 3, 4, 10, 13 na 14, mahali pale pale ambapo Kiebrania kina umbo lisilo na nafsi. Aya ya 13 yaonyesha faida yake. Huanza kwa orofa "zake" na kumalizika kwa kazi "zako", yaani nafsi imebadilika ndani ya aya moja, wala msomaji hashtuki, kwa sababu kitenzi kilichoanza aya hakikufungwa upande wowote.

Mfasiri amejua pia lini ayaache mazoea. Nchi iliwekwa juu ya misingi yake mara moja, na hapo twapata -li-. Maji yalipokemewa yalikimbia, na hapo twapata -ka-, kiambishi cha masimulizi, mara nne mfululizo: yakakimbia, yakaenda, yakapanda, yakatelemka. Kwa sikio la Mswahili -ka- ni sauti ya hadithi. Mfululizo wake wayafanya maji kuwa watu waliofukuzwa, wapandao na kushuka milima kwa hofu. Kisha maji yakisha kukaa mahali pake, hadithi hukoma na desturi huanza tena kwa hu-. Ulimwengu ulianzishwa kwa -li-, ukahangaika kwa -ka-, sasa waendelea kwa hu-. Habari yote ya kuumbwa na kutunzwa imo katika silabi hizo tatu, na msomaji hupewa bila kuhubiriwa.

Kitu cha pili ni viambishi vya mahali. Lugha yetu haitosheki kusema kwamba kitu kipo. Hutaka kujua kama kipo ndani, au huko upande ule, au papo hapo penye mpaka ulio wazi. Zaburi hii ni shairi la kila kiumbe na makao yake, na kwa hiyo imeingia katika lugha iliyokuwa ikiingojea. Ndege na miti yao wamepewa "ndimo", kwa sababu kiota kimo ndani ya matawi. Mbuzi-mwitu na milima wamepewa "ndiko", kwa sababu mlima ni mahali pa mbali na papana, uonekanapo lakini hufiki. Wanyama wa usiku wamepewa "ndipo", nayo hapa ni ya wakati: giza liingiapo, papo hapo hutoka. Na bahari yote, kwa merikebu zake na lewiathani wake, imerudishiwa "ndimo", ikirudiwa tena na tena katika aya ya 25 na ya 26 mpaka msomaji ajisikie amezama. Hakuna mnyama aliyeachwa bila mahali, wala hakuna mahali palipotajwa kwa kiambishi kisichopafaa.

Kuhusu lewiathani mwenyewe kiambishi hicho kimeamua jambo lililo gumu kwa wafafanuzi. Kiebrania chaweza kusomwa kwamba Mungu alimwumba mnyama huyo acheze baharini, au kwamba alimwumba ili Mungu mwenyewe acheze naye. Kwa kutumia -mo mfasiri amechagua bahari. Huenda wengine wangependa lile la pili, la Mungu achezaye na mnyama wa kutisha kama mtu achezavyo na ndama. Lakini uchaguzi ulifanywa kwa kiungo chenye herufi mbili, na umefanywa wazi.

Kitu cha tatu, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote, ni upatanisho. Katika aya ya 24 mshairi ashangaa kwa wingi wa matendo ya Mungu, na yote yaliyofanywa yaitwa "vyote". Katika aya ya 25 viumbe vya baharini ni "vitambaavyo", navyo ni "visivyohesabika", vidogo kwa vikubwa. Mfasiri angeweza kuandika "wadogo kwa wakubwa", kwa kuwa sarufi ya Kiswahili Sanifu huruhusu viumbe wenye uhai wapewe upatanisho wa watu, hata jina likiwa la ngeli ya ki-/vi-. Hakufanya hivyo. Aliwaacha katika vi-, pamoja na viti na vikapu, kama vitu vilivyojaa katika ghala la tajiri. Na kweli aya ya 24 yasema kwamba dunia imejaa "mali". Lakini mara tu viumbe hao wanapoinua macho kungojea chakula, katika aya ya 27, vi- hutoweka. Sasa ni "hao wote", na kitenzi ni "wanakungoja". Kutoka "vyote" hadi "wote" ni aya tatu tu. Yaliyokuwa mali yamekuwa watu wa nyumbani.

Badiliko hili halimo katika Kiebrania kwa namna hii, kwa sababu Kiebrania hakina ngeli kama zetu. Ni jambo ambalo Kiswahili kimeongeza kwa tabia yake yenyewe, bila neno la ziada. Nalo halipingani na shairi. Lasema kile ambacho shairi lote limekuwa likikielekea, kwamba kiumbe hujulikana kuwa hai kwa kungojea riziki. Simba wa aya ya 21, atafutaye chakula chake kwa Mungu, na mwanadamu wa aya ya 23, atokaye kwenda kazini, na wadudu wa baharini wasio na idadi, wote wameingizwa katika "wao" mmoja. Kisha aya ya 28 yaweka "Wewe" na "Wao" zikielekeana, upande huu mkono ukunjuliwao na upande ule waokotao. Kitenzi "kuokota" kimechaguliwa vizuri, maana aokotaye huinama. Hakulima wala hakuhifadhi, amekuta kimeangushwa mbele yake.

Pamoja na viambishi hivi yafaa tutaje vitenzi viwili ambavyo mfasiri amevilinda kwa uaminifu. Cha kwanza ni "kushiba". Kiebrania chatumia shina moja kwa nchi katika aya ya 13, kwa miti katika aya ya 16, na kwa viumbe vyote katika aya ya 28. Mfasiri mwingine angesema kwamba mti hauna tumbo, akaandika kwamba miti imenyeshewa au imestawi. Huyu aliandika "imeshiba", na kwa neno hilo mti umekaa karamuni pamoja na simba. Cha pili ni "kupeleka". Katika aya ya 10 Mungu hupeleka chemchemi mabondeni. Katika aya ya 30 huipeleka roho yake. Kiebrania nacho kina shina moja mahali pote pawili. Msomaji aliyekisikia kitenzi hicho penye maji hukisikia tena penye roho, akajua kwamba uhai hufika kama maji yafikavyo, kutoka juu, kwa kupelekwa.

Lakini hapa ndipo tunapofika mahali pa hasara. Uti wa mgongo wa shairi hili katika Kiebrania ni neno moja, ruach. Huonekana mara nne. Katika aya ya 3 ni upepo ambao Mungu huenda juu ya mabawa yake. Katika aya ya 4 ni pepo zitumwazo. Katika aya ya 29 ni kile kiondolewacho kwa viumbe nao wafe. Katika aya ya 30 ni kile kipelekwacho na Mungu nao waumbwe. Upepo wa mwanzo na uhai wa mwisho ni kitu kimoja kwa jina. Ulimwengu wote wavuma kwa pumzi ya Mmoja. Kiswahili cha mwaka 1952 kimeligawa neno hili mafungu manne: "upepo", "pepo", "pumzi" na "roho".

Mafungu mawili ya kwanza yasameheke. Hakuna neno la Kiswahili liwezalo kuwa upepo wa mawinguni na uhai wa mnyama kwa pamoja, na mfasiri asingeweza kulibuni. Ila neno "pepo" lina hatari yake. Ni wingi wa "upepo", lakini pia ni jina la yule ampandaye mtu kichwani akapigiwa ngoma. Kwa kawaida upatanisho hutofautisha: pepo za kusi zavuma, pepo mbaya ampanda mtu. Katika aya ya 4, hata hivyo, muundo wa sentensi umeliweka neno hilo mwishoni, baada ya "kuwa", pasipo kiambishi chochote cha kulisaidia. Na kwa kuwa mfasiri ameandika "malaika" badala ya "wajumbe", ijapokuwa neno la Kiebrania hubeba maana zote mbili, msikilizaji aweza kudhani kwamba malaika wamegeuzwa mashetani. Kama angesema kwamba pepo ni wajumbe wake, shaka ingeondoka, na aya ingebaki katika maumbile pamoja na mawingu na moto, mahali ilipoanzia.

Mafungu mawili ya mwisho ndiyo yenye shauri kubwa. Kati ya aya ya 29 na ya 30 tofauti ya Kiebrania ni ya kiambishi cha mwenyewe tu: ruach yao, ruach yako. Kinachoondolewa na kinacholetwa ni kimoja. Kilichobadilika ni mwenye nacho. Na Kiswahili, kwa bahati ambayo lugha chache zinayo, kingeweza kulisema jambo hilo karibu kwa sauti ile ile. Kingesema roho yao na roho yako, na tofauti yote ingekaa katika -ao na -ako. Tena "roho" ni ndugu wa ruach kwa njia ya Kiarabu. Mfasiri aliacha nafasi hii akaandika "pumzi" kwa viumbe na "roho" kwa Mungu.

Twaweza kumtetea. Kwanza, "pumzi" imewekwa karibu na "mavumbi", na maneno hayo mawili kwa pamoja humkumbusha msomaji habari ya kuumbwa kwa Adamu katika kitabu cha Mwanzo, ambako pia twakuta mavumbi na pumzi. Pili, "roho" katika maneno ya kila siku ni neno lenye mizigo: mwenye roho mbaya, mtu mroho, roho ikiwa na maana hata ya koo. Tatu, Mkristo anayesikia "Roho" husikia Roho Mtakatifu, na mfasiri labda aliogopa kumpa panya au papa kitu chenye jina hilo.

Utetezi wa kwanza una nguvu, na mtu aweza kuukubali. Wa pili na wa tatu hausimami. Lugha ya kawaida, ambayo twailaumu kwa mizigo yake, ndiyo itumiayo "roho" kwa kifo cha kila kiumbe. Mtu hukata roho, na kuku naye hukata roho. Mzigo huo ndio hasa uliohitajika hapa. Na hofu ya kumpa mnyama roho haikuwazuia wafasiri hao hao katika kitabu cha Mhubiri, sura ya 3, aya ya 21, ambako roho ya mwanadamu na roho ya mnyama zimetajwa kwa jina hilo hilo. Walichokiruhusu kwa mhubiri mwenye shaka hawakumruhusu mshairi mwenye furaha.

Tazama sasa hasara yenyewe. Viambishi vimefanya kazi kubwa. Vimewatoa viumbe katika "vyote" na kuwaingiza katika "wote", vimewaweka mbele ya "Wewe" kama wana mbele ya mzazi. Msomaji ameandaliwa kusikia kwamba uhai wao ni uhai wa Mungu uliokopeshwa. Ndipo jina laja na kuwatenga: wao wana pumzi, Mungu ana roho. Wanachonyang'anywa si kile wanachopewa. Kifo na kuumbwa, ambavyo katika shairi la asili ni kuvuta na kushusha pumzi moja, vimekuwa mambo mawili yasiyohusiana. Hasara hii yafika mbali kuliko sanaa. Mtu asomaye kwamba mnyama ana pumzi tu ataweza kumtazama kama mashine ivutayo hewa. Asomaye kwamba roho yake yatoka kwa Mungu atainua mkono wake kwa kusitasita zaidi.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba aya ya 29, itakapotafsiriwa tena, irudishiwe "roho", na aya ya 4 irudishiwe wajumbe. Kwa "wibari" na "maboga" dawa ni rahisi, wala haina haja ya mashauri marefu. Lakini wale watakaofanya kazi hiyo waangalie wasiviguse vile ambavyo havikulalamikiwa na mtu kwa sababu havikuonwa na mtu: hu- isiyo na nafsi, zile -mo, -ko na -po, kushiba kwa miti, kupeleka kwa chemchemi na kwa roho, na zile aya tatu ambamo "vyote" huwa "wote". Tafsiri iletayo majina mapya yaliyo wazi na kuvunja viungo hivi itakuwa imelisafisha shairi kwa kulitoa uhai.

Wanafunzi wa lugha nao wana funzo hapa. Tumezoea kufundisha ngeli na nyakati katika somo la sarufi, na ushairi katika somo jingine, kana kwamba sarufi ni mifupa na ushairi ni mapambo. Zaburi ya 104 yaonyesha vingine. Katika lugha yetu kiambishi chenyewe chaweza kuwa sanaa, na chaweza kuwa imani. Mhakiki atakayehesabu maneno ya Kiarabu na ya Kibantu atapata hesabu sahihi, lakini hatakuwa bado amelisoma shairi.